Unga wa Mahame

Je, mtu anaweza kusema amehama mahali ambapo penyewe pamehama nyuma yake? Swali hili nimekaa nalo miaka mingi na sijapata jibu linalonitosha. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nawatajia Kusini, uwanda wa juu kule Newala, nao huitikia kwa kichwa kana kwamba nimewaonyesha nyumba na mlango wake. Lakini pale nilipozaliwa hakuna mtu. Kuna mikorosho iliyopandwa na wazee wangu, kuna makaburi, na kuna vishimo ardhini vilivyobaki baada ya nguzo za nyumba kung'olewa. Kiswahili kina neno la mahali kama hapo: mahame. Ni neno linalotujulisha kwamba watu wameondoka. Halisemi walikwenda wapi, wala kama walitaka kwenda.

Mimi niliondoka kabla ya wengine, na niliondoka kwa furaha. Ningependa hilo lieleweke kabla sijagusa huzuni yoyote, kwa sababu nimesoma maandishi mengi ya watu wa rika langu ambao kijiji chao, wakikiandika wakiwa mjini, hugeuka kuwa pepo ya raha. Chetu hakikuwa pepo. Uwanda ule hauna maji. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote, na chemchemi ziko bondeni, mwisho wa njia ya mteremko ambayo wasichana wa kwetu waliijua kabla ya kujua kusoma. Tulishuka alfajiri na vyungu vitupu, tukapanda jua likiwa limekwisha kuwa kali, shingo zimezama mabegani. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa bomba lililovuja nyuma ya bweni bila mtu yeyote kulijali. Nilisimama nikalitazama kwa muda mrefu. Nikajiambia kwamba njia ile ya bondeni sitaishuka tena, na kwa kweli niliishuka mara chache sana baada ya hapo, nikiwa likizoni, nikinung'unika kila hatua.

Hata ile hali ya kujulikana na kila mtu sikuipenda. Nikikohoa, jirani wa tatu alimuuliza mama kama nimepata dawa. Watu wa mjini huita hali hiyo upendo, na ni kweli ni upendo. Lakini ni upendo usiokuwa na mlango, na mimi nilikuwa mtoto aliyetaka mlango.

Nilikuwa nikisoma Mlimani wakati watu wa kwetu walipotakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Sikuona lolote kwa macho yangu. Ninayoyajua nilihadithiwa na mama: jinsi malori yalivyokuja, jinsi mzee mmoja alivyotembea njia nzima amebeba mlango wa nyumba yake kichwani kwa sababu aliuchonga mwenyewe, jinsi kuku walivyorudi mahame usiku ule ule na watoto wakatumwa kuwafuata. Sitasema kwamba yote yalikuwa mabaya. Kijiji kipya kilipata zahanati ya kweli na shule ya kweli, na pampu ya maji ambayo, siku ilipokubali kufanya kazi, iliwaondolea wasichana ile njia niliyoichukia. Chuoni nilisimama katika midahalo kuvitetea vijiji vile, na hadi leo siwezi kuyakana yote niliyoyasema. Ila makaburi hayakupakiwa kwenye malori.

Hapo ndipo ilipo habari ninayotaka kuisimulia.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamke mkubwa katika ukoo ana kazi yake. Kila mwaka, kabla ya mvua za kupanda, huchukua unga wa mtama, mweupe, uliotwangwa kwa mkono, akaenda nao makaburini. Huumwaga kidogo kidogo upande wa kichwa wa kila kaburi, na huku akimwaga huwapa waliolala habari za mwaka: nani amezaliwa, nani ameolewa, nani yuko mbali na kwa nini. Si jambo la siri wala la kutisha. Baba yangu alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, na mama naye aliswali na kufunga, wala sikuona siku hata moja mambo haya mawili yakigombana nyumbani mwetu. Jambo la kuelewa ni moja tu. Sisi hatuamini kwamba wafu wanajua kila kitu. Wafu wa kwetu hawajui ila wanachoambiwa. Mtoto ambaye hawakuambiwa habari zake ni mgeni kwao, na mgeni hana wa kumlinda.

Mama alipata kazi hiyo alipofariki bibi, mama yake. Mwaka wa kwanza katika kijiji kipya alitembea tangu alfajiri hadi mchana kurudi mahame na kikapu chake cha unga. Mwaka wa pili miguu ilimvimba, na mimi, niliyekuwa nimemaliza masomo, nimeolewa na kupata kazi katika ofisi moja ya shirika la umma maeneo ya Posta, nilikwenda kumchukua. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimwambia anakuja kutibiwa miguu. Moyoni nilijua namleta akae.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, Kariakoo, upande unaokaribia Mchafukoge. Mume wangu alifanya kazi reli, Morogoro, akija mwisho wa wiki kila alipoweza, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na mama. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kipwani, mnene wa mwili na mpole wa sauti, ambaye wazee wake walikaa mahali pale tangu enzi za mashamba. Chumba cha mbele alikaa mtani wetu, mwanamume wa Rufiji aliyesukuma mkokoteni sokoni. Chumba kilichoelekeana na chetu alikaa mama mmoja mwenye watoto wengi na mume bandarini. Sote tulikuwa na ua mmoja, choo kimoja na bomba moja.

Mama alikuwa na chale usoni na tundu la ndonya katika mdomo wa juu, kama wanawake wa rika lake kule kwetu. Ndonya yenyewe, kile kipande cha mti cha pambo la mdomo, aliivua siku alipopanda basi kuja mjini, akaifunga pembeni mwa kanga, na sikuiona akiivaa tena. Sikumwomba aivue. Wala sikumwambia airudishe. Watoto wa mtaani walimtazama mwanzoni, kisha wakamzoea, lakini mtani wetu hakuzoea, au tuseme haki yake ya kutania haikumruhusu kuzoea.

"Mtani," alimwambia asubuhi moja, akitia upepo gurudumu la mkokoteni wake, "mdomo wako una mlango wa uani. Ndiyo maana maneno yako hayaishi, yakizuiwa mbele yanatokea nyuma."

"Na wako ungekuwa na komeo," mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "mtaa mzima ungelala usingizi."

"Mnamsikia? Nimemkaribisha mjini, ananitukana!"

"Umenikaribisha wewe? Wewe mwenyewe ulisombwa na mafuriko ukakwama hapa."

Mwenye nyumba alicheka hadi akashika ukuta. Nilikuwa nikijifunga viatu kwenda kazini, na nakumbuka nilivyojisikia: nilifurahi. Niliona kuwa mama amepata watu. Niliona kwamba nimeweza kufanya lile ambalo wenzangu wengi ofisini walishindwa, kuihamisha asili yao na kuifanya ikae.

Lakini kuna mambo niliyoyaona nikayapita. Mama alikinga maji katika kila chombo tulichonacho, hata siku bomba lilipotoka vizuri, na maji aliyooshea mchele aliyaoshea vyombo, na yaliyooshea vyombo aliyamwagia mpapai ulioota pembeni mwa ua. Niliona ni mazoea tu ya watu wa uwandani. Siku moja nilimwambia hana haja ya kuteseka hivyo, kwamba hapa maji yako karibu. Akaniambia, "Kule tulikuwa tunashuka watu wengi." Nikasubiri amalizie. Hakumalizia. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba njia niliyoichukia mimi niliyekuwa mtoto, yeye mtu mzima aliipenda, kwa sababu ndiyo ilikuwa baraza la wanawake. Huko ndiko walikokutana, wakasengenya, wakashauriana juu ya waume na watoto, mbali na masikio ya nyumbani. Maji ya bombani yalimpunguzia mzigo, yakamwondolea na wenzake.

Alipenda jambo moja mjini, nalo ni soko jipya. Lilikuwa limefunguliwa karibuni, na lina sehemu iliyo chini ya ardhi, unashuka kwa ngazi. Mama alipenda kushuka ngazi zile. "Hili ndilo bonde lenu," aliniambia, na huko chini, kwenye harufu ya ndizi mbivu na dagaa, alizunguka akisikiliza lafudhi za watu mpaka akampata wa Kusini, akasalimiana naye kwa lugha yetu, akarudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyetoka harusini.

Kisha nikapata mimba, ya kwanza. Mama alinipikia uji, akanikataza kuinama bombani, na akaanza kuhesabu miezi kwa vidole vyake vya mkono wa kushoto. Kufikia mvua za vuli tumbo lilikuwa linaonekana.

Mwaka ule unga ulikuwa taabu. Wanaokumbuka watanielewa. Sembe ilipotea, ukaja unga wa njano wa msaada, ambao watoto waliukataa na watu wazima walijilazimisha. Kwenye duka la ushirika foleni ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na watu waliweka mawe mahali pao wakaenda kuoga na kurudi. Mama alipanga foleni kama wengine, akaleta unga wa njano, akaupika, akaula. Lakini nilimwona anatafuta kitu sokoni, siku baada ya siku, na mwishowe akakipata: kikopo cha mtama mweupe kutoka kwa mwanamke wa Kusini kule chini. Aliazima kinu cha mwenye nyumba, akatwanga mwenyewe, akapepeta, akatwanga tena, hadi unga ukawa laini kama poda. Nilidhani ananitengenezea uji.

Ilikuwa siku ya mapumziko, asubuhi. Nilisikia kelele uani nikiwa bado kitandani. Nilipotoka, nilimkuta mama amepiga magoti kwenye pembe ya ua, pale penye mpapai, na mbele yake kwenye udongo kuna vijilima vidogo vyeupe vya unga. Nyuma yake alisimama yule mama mwenye watoto wengi, ametoka foleni muda ule ule, mfuko wake mtupu mkononi.

"Njooni mwone!" alikuwa akipiga kelele. "Njooni jamani mwone, unga unamwagwa chini! Watoto wangu wamelala na chai kavu, mwenzetu analisha udongo!"

"Mama, tafadhali," nilianza kumwambia jirani yule.

"Wewe msomi nyamaza! Mnaficha unga mweupe chumbani, mnakula nasi wa njano hadharani kututia mchanga machoni. Nitamwita balozi wa nyumba kumi aje aone. Haya! Ainue uso aseme, anafanya uchawi gani?"

Watu walijaa mlangoni. Mama hakuinua uso. Alikuwa katikati ya maneno yake, na kwetu maneno yale hayakatwi. Aliyamaliza taratibu, midomo ikicheza, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia jina langu, na baada ya jina langu neno la lugha yetu lenye maana ya kitu kinachosubiriwa. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anamtangaza mtoto wangu.

Aliyeokoa hali ile ni mtani. Aliwapenya watu kwa mabega, akachuchumaa mbele ya vijilima vile, akachota unga kwa vidole vitatu, udongo na kila kitu, akautia mdomoni.

"Mtamu," alisema akitafuna. "Wafu wa Kusini wanakula vizuri kutushinda sisi tulio hai." Akachota tena. "Haya, muwe mashahidi wangu: unga wao nimeula mimi. Wakija kudai, waje kwa mtu wa Rufiji. Balozi wa nini? Balozi atakuja kumkamata mtu kwa konzi moja ya mtama? Mtamlisha nini huko lupango, unga wa njano?"

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine. Mtani anaweza kufanya mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya ni tusi, na wote pale uani, wa Pwani na wa Bara, walilijua hilo. Yule mama mwenye watoto alitikisa mfuko wake mtupu, akasonya, na hasira yake ikageuka machozi ya uchovu. Mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na unga wa mtama uliobaki kwenye bakuli, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Wapikie watoto," alimwambia. Mwenzake akasita, kisha akapokea.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kuishia. Lakini alasiri ile mwenye nyumba aliingia chumbani kwetu, akakaa mkekani, akazungumza na mama kwa upole wake wa siku zote.

"Dada, nimekuja usije ukadhani nina kinyongo. Kuwakumbuka wakubwa sikukatazi. Sisi nasi tuna yetu, tunayafanya."

"Ahsante, dada," mama alisema.

"Lakini neno moja nitakuambia kwa wema, maana naona hukulifikiri. Ardhi hii ina wenyewe. Babu zangu walikaa hapa kabla hapajaitwa Kariakoo. Ulipomwaga unga wako ukasema yako, waliosikia ni wao. Wako wewe wako mbali, mwenzangu. Hawakusikia kitu."

Aliyasema vile mtu anavyomwambia mwenzake kwamba amevaa kanga upande wa ndani. Hakuwa na ubaya wowote. Mama alimshukuru tena. Mwenye nyumba alipotoka, mama alikaa vile vile, mikono mapajani, na rangi ya uso wake ilibadilika mbele yangu.

"Nimekosea njia," alisema kwa lugha yetu. "Nimempeleka mtoto kwa watu wasio wake. Wamemjua wao kabla wetu hawajamjua."

Nilijaribu kumwambia yale ambayo mtu aliyesoma angesema. Nilimwambia kwamba dua husikika popote. Alinitazama kwa huruma. Nilimwambia tumwombe mama mdogo, aliyeko kijiji kipya, aende mahame kwa niaba yake. Akasema mkubwa akiwa hai, mdogo hashiki unga. Nilimwambia angoje nijifungue, twende pamoja, na mtoto mgongoni.

"Mvua," alisema. "Rufiji ikijaa, basi halipiti mpaka watu wameshavuna. Mtoto atazaliwa hajulikani. Nataka azaliwe anajulikana."

Akaongeza jambo ambalo nililijua lakini nilitumaini amelisahau. Kwetu mama haondoki kwa binti mwenye mimba ya kwanza mpaka binti mwenyewe atamke. Akiondoka bila neno hilo, amemtoroka, na kumtoroka binti katika hali ile ni jambo ambalo ukoo haulisamehe. Kwa hiyo hakuniomba ruhusa, wala hakulia, wala hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba basi la Kusini linaondoka keshokutwa asubuhi, na madereva sokoni wanasema huenda likawa la mwisho kabla ya barabara kufungwa. "Utasema wewe," aliniambia. Kisha akainuka kwenda kukinga maji.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Sikufanya kazi. Saa ya mchana nilishuka kwa miguu hadi Feri, nikanunua vipande vya samaki wa kukaanga ambavyo mama alivipenda, nikasimama kati ya wakaangaji na moshi wao huku mafuta yakipenya kwenye karatasi na kunichoma vidole. Niliogopa kuzaa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilimtaka mama mlangoni pa chumba siku ile itakapofika, nilimtaka kwa ubinafsi kamili, kama mtoto anavyotaka. Na nilipoendelea kujichimba pale, niliona kwamba si uchungu wa kuzaa peke yake ulionifanya nimng'ang'anie. Kwa kumweka mama Kariakoo nilikuwa nimeipata Kusini bila mteremko wake, bila majirani wake wanaosikia kila kikohozi, bila kiu yake. Nilikuwa na lugha yangu chumbani jioni na bomba uani asubuhi. Nilikuwa nimepata kijiji chenye mlango. Aliyelipia mlango huo alikuwa yeye.

Nimeshakuwa na umri unaokaribia aliokuwa nao mama siku ile, na bado sijui kama niliamua kwa upendo au kwa aibu. Binti yangu alizaliwa wakati mito imejaa na mama yuko upande wa pili wa maji yote hayo. Aliyekaa mlangoni ni mwenye nyumba. Baadaye mama na mimi tulionana mara kadhaa, kila mara kule kwake, kila mara kwa siku chache, na mazungumzo yetu yalikuwa mazuri na yenye adabu, kama ya watu ambao kila mmoja anamwogopea mwenzake. Hakurudi Dar es Salaam. Binti yangu ni mtu wa Kariakoo kabisa. Akisikia nikizungumza lugha yetu huniuliza kama nimekasirika. Mahame amefika mara moja, akaniuliza kwa nini tunalia kwenye msitu wa mikorosho.

Jioni ile nilirudi na samaki. Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha uani, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani, na mtani alikuwa akimsimulia jinsi mteja alivyomkimbia sokoni na gunia la vitunguu. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nikakaa chini karibu naye, ingawa tumbo lilinisumbua kukaa chini. Mtani alitutazama mara moja akakumbuka kwamba ana kazi mbele ya nyumba.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Kwa lugha yetu hayakutoka. Yalitoka machache.

"Nenda, mama. Kawaambie."

Alinishika kifundo cha mguu, akakikanda taratibu kama alivyofanya nilipokuwa mtoto na nimetoka bondeni, na mimi nikaegemea fremu ya mlango nikafumba macho. Yule mama mwenye watoto alipita na ndoo, akasema, "Hodi, nipisheni wenye nyumba," tukasogea, akapita.

"Utakuwa na nani?" mama aliuliza hatimaye.

"Yupo bibi mwenye nyumba. Na baba yake mtoto atakuja."

"Usiwe unainama bombani."

"Siinami."

Tulikula samaki. Usingizi sikumbuki kama ulikuja.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito upande wa kusini, na hewa ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa mbali. Mtani alipakia mzigo wa mama kwenye mkokoteni: kifurushi kimoja cha nguo, sufuria mpya niliyomnunulia, na mfuko wa chumvi kwa ajili ya mama mdogo. Hakutania njia nzima, na ukimya wake ulinitisha kuliko mawingu. Mwenye nyumba alitusindikiza hadi kona, akamkumbatia mama, akarudi akijifuta kwa ncha ya kanga. Tulikwenda polepole kwa sababu ya miguu yake na kwa sababu ya tumbo langu, tukipita wauza maandazi waliokuwa wakiwasha majiko.

Kituoni basi lilikuwa limekwisha kujaa nusu. Utingo alikuwa juu ya paa akifunga magodoro kwa kamba na kuwafokea watu wampe mizigo haraka, mvua haimsubiri mtu. Mtani alimrushia kifurushi cha mama, kisha akampa mama mkono na kumpandisha ngazi kwa uangalifu kama mtu anayepakia mayai. Mama alipata kiti dirishani. Nilisimama chini, mkono wangu ukifikia kioo. Alifungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa ndonya, akaifuta kwa kidole, akaivaa. Alifanya hivyo bila haraka, mbele ya watu wote, kisha akanitazama na uso wake ukawa ule wa zamani, ule uliokuwa ukinisubiri juu ya mteremko.

Nilitaka kusema kitu. Yeye alitangulia.

"Rudi ukakae. Usisimame sana."

Injini iliwaka, utingo akapiga ubao wa basi kwa kiganja, na watu wa mlangoni wakavutana kuingia. Mwanamke aliyekaa jirani na mama, mzee mwenye chale kama zake, alimwuliza jambo. Mama akageuka kumjibu kwa lugha yetu, kwa sauti kubwa, ya wazi, ambayo sikuwa nimeisikia tangu aje mjini. Walikuwa bado wanazungumza basi lilipoingia barabarani na kushika njia ya Kusini.